Kwanini projekti za uhandisi vyuoni zinaishia stoo wakati dagaa wa Igombe bado wanaanikwa mchangani?

MtotoWaIgombe
Mwangaluka wakuu.

Jumapili nilikuwa Igombe, huku Mwanza kando ya ziwa, kwa bi mkubwa, saa saba mchana mvua ikashuka bila taarifa. Wanaoujua mwalo, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, wanajua kinachofuata, akina mama wote mbio mchangani, mwenye turubai anavuta turubai, mwenye kanga anafungua kanga, waliobaki wanazoa dagaa kwa mikono pamoja na mchanga wake wanatia kwenye mabeseni. Bi mkubwa alikuwa ameanika ndoo 14. Tukaokoa kama nusu. Wale wengine mpaka Jumatatu wameshageuka rangi ya kutu, ukiwashika wanateleza, akaja jamaa wa chakula cha kuku akawabeba kwa bei ya kutupa.

Kinachoniuma ni hiki. Miaka minne iliyopita nilimaliza uhandisi mitambo kwenye chuo kimoja, sitakitaja, na projekti yangu ya mwaka wa mwisho ilikuwa kikaushio cha dagaa cha kutumia jua. Sanduku la mbao, bati lililopakwa rangi nyeusi chini, nailoni juu, trei nne za wavu, na bomba la kutolea hewa yenye unyevu. Nikakijaribu kwa kilo 5 za dagaa, wakakauka siku moja, nikachora grafu, nikaprezenti, nikapata A. Mwaka jana nimepita pale nimekikuta nyuma ya karakana kimewekewa makopo ya rangi juu na nailoni imechanika yote. Nikaingia idarani, kwenye kabati la ripoti nikahesabu vikaushio kama changu. Sita. Ya zamani kuliko zote imeandikwa kabla mimi sijaanza sekondari.

Ripoti sita na mama yangu anaanika mchangani. Naombeni mnieleze tumekwama wapi.

JiweLaBismarck
Hela mkuu. Hakuna kingine. Uzi ufungwe.

MtotoWaIgombe
@JiweLaBismarck hela kweli ni shida ila haitoshi kunielewesha. Wavuvi wa palepale Igombe miaka ya nyuma wote walikuwa na karabai za mafuta ya taa, leo nenda usiku angalia ziwani, ni taa za elidii na betri. Hakuna mradi uliowalazimisha. Hela walitoa wapi?

FundiWelda_Nyakato
Nisalimie wote. Mimi sio msomi nina kibanda cha kuchomelea Nyakato, hao wanafunzi wa projekti nawapokea kila mwaka kuanzia mwezi wa nne, wanakuja wamebeba michoro.

Mchoro ni mzuri umetoka kwenye kompyuta ila unasoma bomba la milimita 37. Nikamwambia mdogo wangu hilo bomba zunguka Mwanza nzima hulipati, duka lina hili na hili, chagua. Anasema hapana, mahesabu yatabadilika. Sasa mahesabu yalifanywa bila kuingia dukani? Mwingine alitaka shafti aizungushe kwenye beringi ambayo ukiagiza inafika yeye ameshagraduu. Mwishowe namtengenezea kwa ninavyoona mimi, kwenye ripoti anaandika vipimo vyake vya kwenye kompyuta. Kwa hiyo hata mtu akija kuisoma hiyo ripoti ajenge tena hawezi, kilichoandikwa sicho kilichojengwa.

Mimi naona tatizo liko hapo.

KokotoaKwanza
@FundiWelda_Nyakato umesema jambo zito sana fundi, heshima kwako.

SengeremaBoy
Ngoja niweke namba maana tunaongea hewani. Mwalo ukipata tani moja ya dagaa wabichi, hiyo ni kilo 1000 za maji za kuondoa. Kilo moja ya maji kuigeuza mvuke inataka kama kilojuli 2,400. Kwa hiyo megajuli 2,400 kwa tani. Hakuna sanduku la mbao litaweza hiyo.

KokotoaKwanza
@SengeremaBoy njia ni sahihi ila umewakausha mpaka mifupa mkuu. Dagaa sio maji matupu. Chukua maji asilimia 75 kwa mbichi, kwa hiyo kwenye kilo 1000 kuna kilo 250 za nyama na mifupa ambazo haziendi popote. Mkavu mzuri wa kuhifadhi uwe na maji kama asilimia 12, 250 gawanya kwa 0.88 unapata kilo 284. Maji yaliyotoka ni kilo 716. Zidisha kwa 2.4 unapata megajuli kama 1,720, yaani kilowati-saa 477 hivi.

Sasa shuka nayo. Jua la kwetu tuseme linatoa kilowati-saa 5 kwa mita moja ya mraba kwa siku. Kikaushio cha sanduku kikitumia asilimia 30 ya hilo jua kimejitahidi, kwa hiyo unabaki na 1.5. 477 gawanya kwa 1.5, unahitaji mita za mraba kama 318 ili umalize tani moja kwa siku moja. @MtotoWaIgombe sanduku lako lilikuwa na ukubwa gani?

MtotoWaIgombe
Mita moja na nusu za mraba.

KokotoaKwanza
Basi unahitaji masanduku 212. Kwa tani moja. Na mchanga wa Igombe hauna bei na upana wake wote huo, upepo wa ziwa unapita juu bure. Mama yako hajakosea hesabu hata kidogo, sisi ndio tulimpelekea sanduku la kilo 5.

JiweLaBismarck
Ndio nikasema hela. Masanduku 212 si hela hayo?

MwalimuZiwa
Nimeusoma uzi wote, nami ni mwalimu wa uhandisi kwa hiyo yananigusa. Nitasema yangu bila kujitetea.

Nasimamia wanafunzi wengi kuliko siku za wiki. Projekti ni semesta mbili, hela nyingi zinatoka kwenye bumu (hela ya mkopo) la mwanafunzi mwenyewe, ndio maana linajengwa sanduku la kilo 5, hana uwezo wa kujenga la kilo 200. Mashine yetu ya kupima nguvu za chuma ilikaa muda mrefu ikisubiri kipuri kimoja. Hayo mnayajua.

Msilolijua ni hili. Mimi napanda cheo kwa machapisho. Ripoti ya kwanza ya kikaushio inaweza kutoa makala. Ya pili nayo, kama umebadilisha pembe ya bati au umeongeza feni. Lakini ile kazi ya saba, ya kuchukua kilekile, kukipeleka mwaloni, kukipanua na fundi wa Nyakato, kukaa msimu mzima na akina mama, kugundua bawaba zinashika kutu, kubadilisha bawaba, jarida gani litaichukua? Mhakiki anauliza jambo jipya liko wapi. Hakuna jambo jipya, kuna kitu kinachofanya kazi. Hicho hakina pointi kwenye fomu yangu. Wizara ilipoanza kutoa tuzo kwa watafiti nayo ikawalenga waliochapisha kwenye majarida makubwa. Siipingi, tunahitaji kuheshimika duniani. Ila mwenye bawaba isiyoshika kutu hajawekewa tuzo.

Na sipendi tunavyoanza kuidharau nadharia. Hesabu aliyoifanya @KokotoaKwanza hapo juu ni ya darasani, mwaka wa pili.

SengeremaBoy
@KokotoaKwanza nimekubali sahihisho. @MwalimuZiwa pole mwalimu ila na nyie mmezidi. Daraja la Kigongo Busisi pale kwetu kilomita 5 zote wamejenga Wachina, maprofesa wetu walikuwa wapi?

Nondo_na_Zege
@SengeremaBoy ni kilomita 3 mkuu, na limefunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Nami nilikuwepo pale, mkandarasi ni Mchina ila Watanzania tulijaa.

Chuoni kumwaga zege chini ya maji nilisoma aya moja. Pale nimesimama usiku kucha kuangalia bomba. Zege inashuka kwa bomba mpaka chini ya shimo, na mdomo wa bomba lazima ubaki umezama ndani ya zege iliyokwishamwagwa, ukiuvuta ukatoka maji yanaingia katikati na nguzo imekufa pale pale, na huwezi kuiona. Kwa hiyo kila gari likimwaga unapima kamba, unaandika, unapima tena. Saa nane za usiku, baridi ya ziwa, wewe na kamba. Hapo ndipo nikaielewa ile aya.

Mimi nasema elimu ya uhandisi haiishii chuoni na haijawahi. Ndio maana ERB, bodi inayosajili wahandisi, wana ule mpango wa SEAP, unamaliza digrii halafu unakaa miaka miwili chini ya mhandisi mzoefu ndio usajiliwe.

BoltiNaNati
Mitatu mkuu, SEAP ni miaka mitatu, ilianza 2003. Mimi niko ndani ya wa pili natamani ingekuwa miwili kama unavyosema 😅

Nondo_na_Zege
Mitatu, ndiyo. Asante.

MzeeWaKarakana
Shikamooni wakubwa wenzangu kama mpo, na vijana marahaba.

Hili tatizo halikuwa hivi zamani, na halikuja lenyewe. Kitivo cha uhandisi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilifunguliwa 1973 kwa msaada wa Wajerumani Magharibi, na pembeni kulikuwa na taasisi nyingine inaitwa IPI, kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine hasa, mashine ya kwenda kwa mwananchi. 2001 vikaunganishwa kikazaliwa chuo cha uhandisi cha CoET, hapohapo Mlimani. Mimi sikusoma hapo, nilisoma Dar Tech, ile iliyofunguliwa 1957 na kuwa DIT mwaka 1997. Nilitoka na FTC, cheti cha fundi sanifu.

Mwaka wa kwanza tulipewa kipande cha chuma na tupa. Ukipigie tupa mpaka kiwe mchemraba, pande zote sita, mwalimu anaweka skwea anainua kwenye mwanga wa dirisha, akiona mwanga umepenya anakurudishia. Wiki tatu. Viganja vinachubuka. Mikono yangu mpaka leo inajua milimita moja ni nini bila kupima. Yule kijana wa bomba la milimita 37 hakupewa tupa.

Baadaye vyuo vya ufundi vikapanda. Mbeya Technical leo ni chuo kikuu, MUST, tangu 2012. Kupanda sio dhambi. Ila fundi sanifu ndiye aliyekuwa katikati, anausoma mchoro wa mhandisi na anaongea lugha ya fundi wa mtaani. Mkimwondoa huyo katikati basi mhandisi na @FundiWelda_Nyakato wanakutana hawajuani.

BoltiNaNati
Shikamoo mzee. Lakini DIT na MUST bado wanatoa stashahada, hawajaacha. Hata hapa Mwanza DIT wana kampasi, ile ya ngozi.

MzeeWaKarakana
Marahaba. Wanatoa, ni kweli. Sasa waulize hao wenye stashahada wangapi wanataka kubaki na stashahada. Wote wanaiangalia digrii kwa sababu mshahara unaiangalia digrii.

KisumuDala
Wadau wa upande wa pili wa ziwa salamu. Huku kwetu tunawaita omena, na hadithi ni hiyohiyo, mchanga, nyavu kuukuu, mvua. Tena sisi digrii ya uhandisi ni miaka mitano, nyinyi minne, na bado omena wanaoza Aprili. Kwa hivyo kama kuna mtu atasema tuongeze mwaka, tushajaribu.

SengeremaBoy
Mwaka wa tano mnasomea kula omena na ugali au 😂

KisumuDala
Hiyo tunasomea nyumbani ndugu yangu, bila ada.

DarasaLaUsiku
Kuna mfano wa kufuta huzuni jamani. Dk. Askwar Hilonga wa Nelson Mandela Arusha, alisomea udaktari wake Korea Kusini, akarudi akatengeneza kichujio cha maji, mchanga wa kawaida pamoja na vitu vidogo sana vya nano vya kunasa floraidi na uchafu mwingine kutegemea maji ya sehemu husika. 2015 akawa mshindi wa kwanza wa tuzo ya Afrika ya wahandisi wa Uingereza, paundi elfu 25. Na alifungua kampuni akaanza kuuza. Kwa hiyo inawezekana kutoka maabara mpaka kwa mwananchi.

KokotoaKwanza
Mfano mzuri na ninamheshimu sana. Ila angalia tofauti, maji ya kunywa familia inahitaji ndoo chache kwa siku, kifaa kidogo kinatosha. Dagaa wanakuja kwa tani na wanakuja kwa mkupuo. Wavuvi wanafanya kazi wakati wa giza, mwezi ukiwa mkubwa wanalala. Kwa hiyo kikaushio kinakaa bure siku kadhaa halafu kinazidiwa siku zote zinazobaki. Mtambo wa namna hiyo kuulipia ni mgumu popote duniani.

BintiUkara
Habarini kaka zangu. Nimesoma kimya siku mbili. Mimi ndiye huyo mnayemsema, naanika dagaa, nilianza nikiwa na bibi yangu Ukara sasa hivi niko Kayenze. Niseme na mimi.

Kijana mmoja aliwahi kutuletea sanduku kama la @MtotoWaIgombe. Alikuwa na adabu nzuri. Lilikuwa na mlango mmoja pembeni wa kuvuta trei. Sasa dagaa hawaachwi wakauke tu, asubuhi wakiwa wabichi wanashikana, kila baada ya muda unapita na fimbo au mkono unawatenganisha, ukichelewa wanakauka mabonge. Mchangani napita nimesimama, ndoo 20 nageuza kwa dakika chache. Kwenye sanduku unafungua, unatoa trei, unageuza, unarudisha, unafunga, trei ya pili, joto lote limeshatoka. Na ukiwaacha kwenye lile joto la nailoni wanakuwa kama wamepikwa, nje wakavu wanang'aa, ukivunja ndani kuna unyevu, gunia likikaa wiki mbili linaota ukungu. Tulimwambia. Aliandika kwenye daftari. Hakurudi.

Vichanja vya nyavu vya kuinuka juu ndivyo tulivyovipenda. Kichanja cha mita 10 kwa 1 kinabeba kama ndoo mbili na nusu, hewa inapita chini na juu, na mvua ikija unakunja wavu na dagaa wake ndani kama shuka. Hakuna mchanga. Shida yake miti. Miti inaoza miguu kwa maji ya mawimbi na usiku watu wanaing'oa kuni. Nimevijenga mara tatu.

Na mwaloni Kirumba bei ya dagaa wa kichanja ni nzuri kwa mnunuzi anayejua, wale wanaopeleka mbali. Mnunuzi wa haraka haulizi, anachanganya gunia langu na la mwenye mchanga. Siku hiyo nimefanya kazi ya bure.

MtotoWaIgombe
Dada @BintiUkara nimesoma mara mbili. Ule mlango wa pembeni hata mimi niliuweka. Niliweka kwa sababu ripoti ya mwaka uliotangulia ilikuwa na mlango pembeni. Sijawahi kumuuliza mama yangu mzazi anageuza mara ngapi, na nimekua nikimwona anageuza.

MwalimuZiwa
@BintiUkara asante. Umenipa maswali matatu ya utafiti katika ujumbe mmoja. Miguu ya kichanja isiyooza wala kung'olewa. Kupima unyevu haraka mbele ya mnunuzi ili gunia zuri lijulikane. Na kugeuza bila kufungua.

JiweLaBismarck
Hilo la kupima unyevu mwalimu ndio penyewe. Mnunuzi akiwa na kipimo bei inajitenga yenyewe, hela inapatikana, vichanja vinajengwa. Narudi palepale, hela.

FundiWelda_Nyakato
Miguu ya kichanja mbona rahisi. Mimina zege kwenye ndoo kuukuu ya lita 20, katikati simamisha bomba la chuma, zile bomba chakavu za maji. Juu unachomelea pete ya kupitisha kamba ya wavu. Haiozi haraka na hakuna mtu atabeba kuni ya zege usiku.

Nondo_na_Zege
@FundiWelda_Nyakato bomba litaliwa na kutu pale linapoingia kwenye zege, maji yanakaa hapo. Pandisha zege juu kidogo iwe na mteremko maji yamwagike, na upake rangi ya kuzuia kutu sentimita 10 juu na chini ya hapo. Na upepo je? Wavu umejaa dagaa ni kama tanga, ndoo moja ya zege ina kilo kama 45, sina uhakika kama itashikilia ule upepo wa mchana.

FundiWelda_Nyakato
Ndio maana yake uje tujaribu mhandisi.

SengeremaBoy
Mimi bado nasema vyuo ndivyo vya kulaumiwa, mtu miaka minne hajaingia duka la vyuma.

MzeeWaKarakana
Na mimi bado nasema ni kuondoka kwa fundi sanifu. Ila ndoo ya zege nimeipenda.

BintiUkara
Upepo mkali ni saa nane mpaka saa kumi. Unatokea ziwani.

MtotoWaIgombe
Wiki ijayo mwezi unaondoka, dagaa watakuwa wengi. Jumamosi niko Igombe kwa bi mkubwa na tepu, mizani na saa, nataka nihesabu anageuza mara ngapi na dagaa wanapoteza kilo ngapi kila saa mchangani, na pembeni kichanja kimoja tupime pamoja. @FundiWelda_Nyakato ndoo nne za zege na bomba nanunua mimi. @Nondo_na_Zege ukiweza njoo na ile kamba yako.

MwalimuZiwa
Nina wanafunzi watatu hawajachagua projekti. Nitawaleta ila nauli wanajilipia, niwe mkweli.

BintiUkara
Mitumbwi inaingia saa kumi na mbili asubuhi. Mkifika saa tatu mtakuta tumeshaanika.